Kelele ndani ya Gari la Samaki: Historia Fupi kutoka Nchelenge, Ziwa Mweru

Mwishoni mwa Novemba mwaka jana nilikuwa nyumbani Nchelenge na kazi ya kozi ya historia simulizi. Tulitakiwa kumhoji mzee mmoja kuhusu kazi aliyoifanya maishani. Nilimchagua mjomba wangu, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amebeba samaki na abiria kati ya Kashikishi na Mansa kwa gari moja, Toyota Hiace ya dizeli. Kwa kuwa mjomba hapatikani ila akiwa kwenye usukani, nilimhoji humo humo garini. Safari nzima nilishika simu karibu na mdomo wake nikirekodi. Usiku nilipokaa kusikiliza, nilisikia injini.

Nilimwendea asubuhi nikamwambia, "Bayama, sauti yako haimo." Bayama ndivyo sisi Wabemba tunavyomwita mjomba. Akacheka. "Hata mimi siisikii, mwipwa. Nazungumza kwa mazoea tu."

Insha hii imetokana na rekodi ile iliyoharibika. Watu wengi husema gari linapiga kelele kwa sababu ya uzee. Hoja yangu ni kwamba uzee ni sehemu ndogo tu ya sababu. Kelele ndani ya gari kama la mjomba ina historia: iliingia hatua kwa hatua, kila mara mtu alipoamua kutoa kitu kilichozuia sauti ili apate nafasi ya mzigo. Ndiyo maana tulipojaribu kuipunguza, tulilazimika kufuata hatua hizo hizo kwa kurudi nyuma.

Tuanze na mzigo wenyewe. David Livingstone alipofika Ziwa Mweru mnamo Novemba 1867, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara wa Kiswahili, Mohamed bin Saleh. Biashara ya wakati ule ilikuwa ya pembe na shaba, na ilisafiri mabegani na kwa mitumbwi. Samaki hawakwenda mbali, kwa sababu samaki hamsubiri mchukuzi. Migodi ndiyo iliyobadilisha mambo. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilipojaa wafanyakazi, wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka makao Kasenga, ng'ambo ya mto Luapula, wakanunua samaki, wakawafunika kwa barafu na kuwapeleka mjini kwa malori. Upande wetu, miji ya Copperbelt nayo ilikua na kutaka kitoweo. David Gordon, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu Mweru na Luapula, anaonyesha jinsi ziwa lilivyofungamanishwa na migodi kwa biashara hiyo. Tangu hapo swali la kila mwenye chombo limekuwa moja: kinabeba kiasi gani, na kinafika lini? Swali la kinavyosikika ndani halikuulizwa. Abiria wa lori alikaa juu ya magunia, kwenye upepo, na kelele ilipotelea hewani.

Baada ya uchaguzi wa 1991 soko la usafiri Zambia lilifunguliwa. Shirika la mabasi la taifa, UBZ, halikumaliza miaka ya 1990, na mahali pake pakashikwa na mabasi madogo ya mtumba kutoka Japani. Hapa ndipo kelele ilipofungiwa ndani ya bati pamoja na watu.

Hiace ilianza kuuzwa Japani mwaka 1967. Umbo lake ni la kuokoa nafasi. Injini haikuwekwa mbele kama kwenye gari dogo, bali chini ya viti vya dereva na abiria wa mbele, ili sehemu yote ya nyuma ibaki kwa mzigo. Kwa hiyo dereva anaikalia injini, na kinachowatenganisha ni mfuniko wa bati, kiti, na mpira wa kuzibia unaozunguka mfuniko huo. Injini za dizeli za zamani nazo zina mlio wao. Mafuta yakipulizwa ndani ya silinda hayawaki papo hapo. Hukawia kidogo, kisha yaliyokusanyika hulipuka kwa pamoja. Ule mgongano ndio "ka-ka-ka" tunaousikia gari likisimama stendi bila kuzimwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Japani ziliuzwa Hiace za namna mbili. Ya abiria ilikuja na dari laini, mazulia na mbao za ukutani. Ya mizigo ilikuja na bati tupu kwa sehemu kubwa ya nyuma. Gari la mjomba ni la mizigo. Viti vyake vilichomelewa baadaye, na kila boliti ya kiti ilitobolewa sakafuni.

Vitu vichache vilivyozuia sauti vilitolewa hapa kwetu. Mjomba alinisimulia haya gari likiwa limezimwa, tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Zulia la mbele alilitoa mwaka wake wa kwanza, kwa sababu maji ya samaki wabichi yalilowa humo, yakanuka, na bati la chini likaanza kutu. Ubao wa mlango wa nyuma aliutoa ili magunia ya chisense, wale samaki wadogo wanaofanana na dagaa, yaingie bila kukwaruzwa. Mpira wa mfuniko wa injini ulikatika siku fundi alipoufungua njiani kwa haraka, ukatupwa. Raba zinazoshikilia injini ziligandishwa na mafuta na joto zikawa ngumu kama mbao. Raba hizi zina historia yao: mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ilitangaza magari ya Plymouth kwa sifa ya injini "inayoelea" juu ya raba, mtetemo usifike kwenye bodi. Raba ikishakuwa ngumu, bodi nzima inageuka kuwa ngoma na injini ndiyo mpigaji.

Nilimuuliza kama alijutia. Akasema, "Nilitoa zulia, nikapata safari. Ningeliacha, ningepata kutu."

Gharama nyingine alizitaja polepole. Sikio lake la kulia, lililo upande wa dirisha, halisikii vizuri siku hizi. Wataalamu wa afya kazini hutumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8 kama mpaka wa kelele ambayo mtu asiuvuke kazini, na kila desibeli 3 zikiongezeka, wengi wao hukata muda huo kwa nusu. Mjomba hakuwahi kupimwa. Ila kuna siku moja anayoikumbuka. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa aliomba kushuka penye zahanati. Aliita, akagonga bati. Kondakta alikuwa amesinzia, na mjomba hakusikia kitu. Walimpitisha mbali, akarudi kwa miguu juani. Mtoto alipona, lakini mjomba hutazama pembeni anapoisimulia.

Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na safari hupungua. Huo ndio msimu wa matengenezo kwetu, na ndio tuliopata nafasi. Kabla ya kuanza nilitaka kipimo. Harvey Fletcher na wenzake wa maabara za simu za Bell, Marekani, walipima ubora wa simu kwa kumsomea mtu silabi na kuhesabu alizozisikia sawasawa. Nasi tukafanya hivyo kwa njia yetu. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, gari likienda, nikasoma majina 20 ya samaki na vijiji: pale, mpumbu, Mwense, Mbereshi na kadhalika. Mjomba akarudia. Alipata 6.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na kitu laini. Nilikata sponji ya godoro nikaijaza chini ya mfuniko wa injini. Baada ya safari ya kwenda sokoni tu tulinusa moshi. Sponji ilikuwa imegusa karibu na bomba la moshi, nayo hushika moto upesi. Tuliitoa kwa koleo. Nawasihi wasomaji wasirudie. Baadaye tulipata jiko bovu la umeme, tukatoa ile sufi ya kioo iliyozunguka oveni, ambayo haiungui kwa joto kama hilo. Tuliifunika kwa karatasi ya alumini na kuifunga kwa waya upande wa ndani wa mfuniko, mbali na mikanda.

Kosa la pili lilikuwa kudhani kwamba unene wa kizuizi ndio kila kitu. Uzito unasaidia kweli: ukuta ukizidishwa uzito mara mbili, kwa kukadiria huzuia desibeli 6 zaidi. Lakini tundu linaharibu hesabu yote. Mfuniko unaoweza kuzuia desibeli 40, ukiwa na uwazi wa sehemu moja tu kwa mia, unabaki kuzuia karibu desibeli 20. Usiku tuliwasha tochi ndani ya chumba cha injini na kuzima taa zote. Mwanga ulitoka pande zote za mfuniko, kwenye mashimo ya boliti, na mahali nyaya zinapopita. Panapopita mwanga, sauti hupita pia. Tulikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli tukatengeneza mzingo mpya wa mfuniko. Mashimo tuliyaziba kwa raba na lami. Lami ilichukua siku nyingi kukauka kwa sababu ya mvua.

Juu ya mfuniko tulilaza kipande kizito cha mkanda wa raba unaobeba mawe migodini, ambao ulifika kwetu kutoka Copperbelt kwenye lori la samaki lililokuwa likirudi tupu. Nilifurahi kukiona pale. Samaki walikwenda migodini kwa miaka mingi. Sasa migodi imeturudishia kitu. Raba za injini mjomba alinunua mpya, na hizo ndizo zilizokula pesa nyingi.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya sakafu. Mimi nilitaka mkanda ule ufunike sakafu yote, kwani mlio wa tairi kwenye lami yenye makovu hupanda na mwendo, na gari likikimbia huishinda injini. Mjomba aliunyanyua mkanda, akaukadiria kwa mikono, akasema, "Hii ni magunia mawili ya chisense, mwipwa. Kila safari. Nani atayalipa?" Sikuwa na jibu. Tulikubaliana vipande vidogo vibandikwe katikati ya mabati yanayotetema zaidi, sehemu ambayo ukigonga kwa kidole hulia kama debe. Huko uzito mdogo hufanya kazi kubwa, kwa kuwa unazuia bati lisiendelee kulia. Sakafu ilibaki tupu, inayooshwa kwa ndoo.

Mwisho wa Januari tulirudia majina 20, nikiwa nimeyachanganya mpangilio. Mjomba alipata 14. Tulipoongeza mwendo yalishuka hadi 10. Si kipimo cha kisayansi, maana msomaji alikuwa mimi na huenda mjomba aliyakumbuka baadhi. Lakini tofauti kondakta aliisikia bila kuambiwa.

Kwa kumalizia, nimejifunza mambo mawili kama mwanafunzi wa historia. Kwanza, kila sehemu tupu ya gari lile ina sababu: chisense, maji ya samaki, fundi mwenye haraka njiani. Aliyetoa zulia hakuwa mjinga wala mzembe; alikuwa akijibu soko lililokuwapo kabla hajazaliwa. Pili, anayetaka kurekebisha jambo kama hili lazima ajue kwanza lilitolewa kwa faida gani, la sivyo atarudisha zulia na kumrudishia mwenye gari kutu.

Mahojiano nimeyarudia Februari, njia ile ile. Injini bado imo kwenye rekodi, ila sasa ipo nyuma ya maneno. Mahali fulani baada ya Mbereshi sauti ya mwanamke inasikika kutoka viti vya nyuma, si ya kupiga kelele: "Nishushe hapa." Mjomba anakatiza hadithi yake na kupunguza mwendo.