Kifuko cha Kuku Kilichofichua Siri ya Kinga ya Mwili

Juu kidogo ya tundu la kutolea haja la kuku pana kifuko kidogo ambacho kwa zaidi ya karne tatu wataalamu hawakujua kazi yake. Kinaitwa kwa jina la Hieronymus Fabricius, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Padua, Italia. Katika kitabu chake kuhusu yai na kifaranga, kilichochapishwa mwaka 1621 baada ya kifo chake, alidhani kifuko hicho ni ghala la mbegu za jogoo.

Jibu lilipatikana kwa bahati huko Ohio, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwanafunzi Bruce Glick aliwaondolea vifaranga kifuko hicho, lakini hakuona badiliko lolote la maana. Baadaye mwenzake, Timothy Chang, aliazima kuku hao kwa ajili ya somo la maabara. Aliwadunga salmonela ili wanafunzi waone jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili. Baadhi walikufa, wengine hawakutoa kingamwili zozote. Wote hao walikuwa wale wasio na kifuko.

Jarida maarufu la Science liliikataa makala yao. Mwaka 1956 ilichapishwa katika Poultry Science, jarida la wataalamu wa kuku, ambalo madaktari wa binadamu hawakuwa na desturi ya kulisoma.

Miongoni mwa walioutambua uzito wake ni Max Cooper, daktari wa watoto. Yeye na Robert Good, huko Minnesota, walikuwa wakiwatazama watoto ambao miili yao haikuweza kutengeneza kingamwili, wakiandamwa na maradhi ya bakteria, ilhali tezi yao ya thimasi ilikuwa nzima. Mwaka 1965 walithibitisha kwa vifaranga kwamba kinga ina matawi mawili: kifuko hulea chembe zinazotoa kingamwili, na thimasi hulea chembe nyingine zinazopambana zenyewe na adui.

Malezi hayo huanza ndani ya yai. Katika siku 21 za kuatamiwa, chembe changa huingia katika thimasi kuanzia siku ya 6 hivi, na katika kifuko takriban kati ya siku ya 8 na ya 14. Mfaransa Nicole Le Douarin na wenzake walizifuatilia kwa kupandikiza viungo vya kware katika viinitete vya kuku, kwani chembe za ndege hao wawili hutofautishika kwa hadubini.

Wafugaji wanaoujua ugonjwa wa Gumboro wameyaona haya kwa macho yao: virusi vyake hukiharibu kifuko hicho, na kuku aliyenusurika hubaki dhaifu mbele ya maradhi mengine.

Binadamu hana kifuko hicho. Kwake kazi hiyo hufanywa na uboho wa mifupa. Hata hivyo chembe zake za kingamwili huitwa chembe B, na herufi hiyo ilitokana na bursa, neno la Kilatini lenye maana ya mfuko: ule wa kuku.