Kusuuzia regulata ziwani hakuui vijidudu

Maji ya Ziwa Tanganyika huonekana safi, lakini macho hayaoni vijidudu. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi kutoka Burundi waliofikia Kagunga, kijiji cha mwambao mkoani Kigoma.

Regulata humpa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi. Mate ya aliyetangulia hubaki kwenye sehemu ya mdomoni. Ndiyo njia rahisi ya kuambukizana mafua.

Kabla ya kumpa mwenzako:

1. Funga kifuniko cha vumbi, maji yasiingie ndani.
2. Osha kwa sabuni na maji salama.
3. Loweka kwenye dawa ya kuua vijidudu, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa. Usibonyeze kitufe cha hewa.
4. Suuza kwa maji salama yanayotiririka, si ndoo ya pamoja.
5. Anika kivulini.