Betri Iliyopaa Kutoka Ngomeni

Ukifika Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yake. Hapa wengi wanayajua kwa jina moja tu: San Marco. Waitaliano waliyaleta miaka ya 1960, na kati ya 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo zikiwa na satelaiti. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeongoza mradi huo, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Wengi husimulia jinsi Uhuru ilivyosaka miale ya eksirei kutoka kwenye nyota za mbali. Mimi leo nataka tuitazame betri yake.

Uhuru ilikuwa na mabawa manne ya sola na betri ya nikeli na kadimiamu. Iliizunguka dunia kwa takriban dakika 96. Ikiwa juani, betri inachajiwa. Ikiingia kivulini mwa dunia, betri inatumika. Piga hesabu: karibu mara 15 kwa siku. Sasa, betri ya aina hii ikishajaa, umeme unaozidi kuingia hauna pa kukaa, unageuka joto. Na kule juu hakuna upepo wa kulipeperusha. Joto hutoka kwa kupitia chuma kinachogusana na betri, kisha kwa kumulika nje, kama kaa la moto linavyokupasha bila kukugusa. Ndiyo maana mhandisi wa satelaiti hupanga mambo mawili mapema: umeme upunguzwe betri ikijaa, na joto lipate mlango wa kutokea. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973.

Huku chini nako watu walikuwa na elimu yao. Nyumba isiyo na stima iliwasha redio na televisheni kwa betri ya gari, ikiisha inafungwa kwenye baiskeli na kupelekwa mjini kuchajiwa. Fundi mzuri hakuwa na pupa. Alijua ukiisukumia umeme mwingi, maji yake yanachemka na kutoa haidrojeni, gesi ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Basi aliichaji polepole, penye hewa, akiigusa ubavuni kwa kiganja, na mvuta sigara alifukuzwa.

Kisha ikaja betri ya lithiamu, ambayo Sony ilianza kuiuza 1991, na leo iko mfukoni mwa kila mtu. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini maji yaliyo ndani yake yanashika moto. Joto likipita kiasi, betri huanza kujitengenezea joto lake yenyewe, na hapo hata ukichomoa chaja umechelewa. Kwa kawaida haifai kuchajiwa ikipita nyuzi 45. Malindi kiangazi, mchana umeshapita 30 hata kabla hujaiacha simu kwenye dashibodi ya matatu.

Kwetu, simu ya binamu yangu ilivimba mgongo. Alikuwa ameibadilishia betri ya bei rahisi, na kila usiku akiichaji chini ya mto, kando ya mtoto, ndani ya nyumba ya makuti. Ati anaogopa isiibiwe. Tuliiwahi kabla haijawaka. Lakini moto ungeshika makuti yale, nani angewahi?

Nikamwambia: dada, chini ya mto ni kama kule juu ilikokuwa Uhuru, hakuna hewa inayopita. Tofauti ni kwamba satelaiti ilipangiwa joto lake litokee wapi. Simu yako umeifunika.

Siku hizi anaichaji jioni, sakafuni, dirisha wazi, na huichomoa kabla ya kulala. Betri iliyovimba tuliitoa nje siku ileile. Na akiishika simu akaona imechemka, anaipumzisha kivulini kwanza, kama fundi wa zamani.