Benchi Kando ya Pembea

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii niliwafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi, lakini nakiri kwamba sikuielewa sawasawa mpaka nilipokwisha kustaafu, siku nilipoketi kwenye benchi katika bustani moja kubwa ya burudani huko Marekani. Kando yangu alikuwa mjukuu wangu wa miaka saba, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili na kufumba macho.

Kiingilio tulicholipa kilikuwa si haba. Binti yangu alikiwekea akiba tangu mwanzo wa mwaka. Saa moja ilikuwa haijatimia tangu tuingie langoni, na tayari mtoto alikuwa amejitupa chini mara mbili akipiga mayowe, watu wakitupita na kututazama kwa jicho la pembeni. Mjukuu wangu ana usonji. Sauti ambayo kwangu na kwako ni ya kawaida, yeye humchoma. Binti yangu alikwisha kunieleza hayo mara nyingi kwa simu, nami nilikuwa nikiitikia tu, "Naam, mwanangu," huku moyoni nikisema kwamba mtoto amedekezwa. Pale kwenye benchi mtoto alinisogelea akaninong'oneza, "Babu, kelele inaniingia tumboni."

Neno lile halikuniacha. Niliporudi nyumbani nilianza kutafuta habari za mambo mawili: bustani hizi zilianzaje, na watoto wa namna hii walianza kueleweka lini.

Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika Griffith Park, mjini Los Angeles, akila karanga huku binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao wa pembea. Aliona pafaa pawepo mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Kwa hiyo bustani hiyo mashuhuri ilizaliwa kwenye benchi la mzazi. Lakini mzazi wa mtoto kama mjukuu wangu hakupata kuinuka kwenye benchi lile kwa miaka mingi iliyofuata.

Biashara yenyewe ni ya zamani kuliko Disney. Mwaka 1884, huko Coney Island, New York, LaMarcus Thompson alianza kuwatoza watu senti 5 wapande kigari cha reli kilichopanda na kushuka vilima vya mbao. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, George Ferris alisimamisha gurudumu lenye urefu wa mita 80 hivi na vibanda 36, kila kimoja kikichukua watu 60. Mwaka 1903 ikafunguliwa Luna Park, ambayo yasemekana iliwaka kwa balbu 250,000, wakati ambapo nyumba nyingi za wateja wake zilikuwa bado hazina umeme. Ukichunguza utaona kwamba bidhaa iliyouzwa ilikuwa moja, nayo ni mshtuko wa hisi. Mtu aliyechoshwa na siku zinazofanana kiwandani alitoa senti zake ili moyo uruke, macho yajae mwanga na masikio yajae muziki na vifijo. Hapakuwa na ubaya katika hilo. Ila kila kilichoongezwa kiliongezwa upande mmoja tu: mwanga zaidi, mwendo zaidi, kelele zaidi.

Sasa tuwatazame watoto. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali aliyoiita usonji. Aghalabu hukumbukwa alivyoeleza upweke wao na kupenda kwao mambo yasiyobadilika. Haikumbukwi sana orodha yake ya vitu vilivyoweza kuwatia hofu kuu: bembea, baiskeli za magurudumu matatu, lifti, maji yanayotiririka, vitu vya kuchezea vinavyojiendesha, hata upepo. Nilipofika kwenye orodha ile niliweka miwani chini. Ilikuwa kama ramani ya bustani tuliyokuwa tumemwingiza mtoto.

Jambo la kusikitisha ni kwamba miaka iliyofuata haikushika orodha, ilishika lawama. Bruno Bettelheim, katika kitabu cha mwaka 1967, alieneza dhana kwamba ubaridi wa wazazi, hasa mama, ndio unaomfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi yake. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga dhana hiyo mwaka 1964, akionyesha kwamba chanzo kitafutwe katika maumbile ya mwili. Huko California Jean Ayres akaeleza, katika kitabu cha mwaka 1972, jinsi ubongo unavyopanga habari zinazoletwa na hisi, na namna mtoto anavyotaabika mpangilio huo ukiwa na kasoro. Hata hivyo, ni mwaka 2013 tu, miaka 70 baada ya Kanner, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoitia rasmi tofauti ya hisi miongoni mwa dalili za usonji.

Ikiwa mabingwa walichukua miaka 70, sembuse mimi mwalimu wa shule ya msingi? Lakini hoja hiyo hainisafishi, na hapa sina budi kutubu. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Darasa la pili palikuwa na kijana mmoja ambaye kila ilipogongwa aliziba masikio na kukimbilia kwenye mahindi. Nilimchapa, tena si mara moja. Siku moja nikampa yeye kazi ya kuigonga, ili nimkomeshe woga. Aligonga mara moja, akaitupa nondo, akakimbia. Hakurudi tena shuleni, wala sikumfuata kwao. Leo ni mtu mzima, kama yu hai. Sisemi kwamba alikuwa na usonji; mimi si daktari. Nasema tu kwamba mikono yake juu ya masikio ilikuwa ikiniambia jambo, nami nikamjibu kwa fimbo.

Bustani nazo zimebadilika, ingawa polepole. Marekani ilipitisha mwaka 1990 sheria ya haki za walemavu, lakini ni rahisi kumjengea njia mtu mwenye kiti cha magurudumu, maana shida yake inaonekana. Shida isiyoonekana ilihitaji wazazi waliokataa kubaki nyumbani. Mmoja wao, Gordon Hartman wa San Antonio, alimwona binti yake mwenye ulemavu akiwaendea watoto waliokuwa wakicheza ndani ya bwawa la kuogelea, nao wakatoka majini. Alijenga Morgan's Wonderland, iliyofunguliwa mwaka 2010, na wenye ulemavu wakaruhusiwa kuingia bila malipo. Mwaka 2013 bustani za Disney zilianzisha utaratibu wa kumpa mgeni asiyeweza kusimama kwenye foleni ndefu saa ya kurudi, ili angoje mahali pengine. Mwaka 2018 Sesame Place, huko Pennsylvania, ikawa bustani ya kwanza ya aina yake kupewa cheti cha kuwahudumia wenye usonji: wafanyakazi walifundishwa, vikatengwa vyumba vya utulivu, na kila mchezo ukapewa alama kuonyesha unavyogusa kila hisi, ili mzazi ajue mapema.

Bustani tuliyoingia sisi nayo ilikuwa na chumba kama hicho. Msichana mmoja mfanyakazi alituona pale kwenye benchi, hakuuliza mengi, akatuongoza hadi kwenye chumba kidogo chenye taa hafifu, zulia na mito. Mjukuu wangu alijilaza sakafuni dakika 40 bila kusema neno. Tulipotoka alitaka kuwaona farasi wa mbao. Hakupanda. Alisimama mbali, hatua ishirini hivi, amevaa vile vifuniko vikubwa vya masikio kama vya rubani, akawahesabu wakipita, mzunguko baada ya mzunguko. Kisha akanivuta mkono. "Babu, wa kumi na nne hana mkia." Nilitazama. Kweli hakuwa nao. Nilikuwa nimepita pale mara tatu asubuhi ile, sikuona kitu.

Tulikaa kwenye benchi kando ya pembea ile, mimi na binti yangu, tukimtazama akihesabu. Nikamwambia kwamba namwomba radhi kwa yale niliyokuwa nikiyasema moyoni kuhusu malezi yake.

Akacheka kidogo. "Baba," akasema, "ulikuwa ukiyasema kwa sauti."