Nyimbo za Jembe: Hazina ya Bujora

Kutoka Igoma, jijini Mwanza, barabara ya Musoma inakufikisha Kisesa baada ya kilomita chache. Hapo ndipo Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma. Padri David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alikaa na wazee na watunzi, nyimbo zao zikaandikwa, na makumbusho yakaanzishwa mwaka 1968.

Hakuwa wa kwanza. Hans Cory, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikusanya nyimbo za huku. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine ya kunasa sauti mwaka 1950, na kanda zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Sauti za babu zetu zinakaa mbali mno na shamba zilikozaliwa, na jambo hilo linauma.

Tazama ndono: uta, waya mmoja na kibuyu. Mpigaji hukiegemeza kibuyu kifuani, akakisogeza na kukibana, na sauti ya waya ikabadilika. Hayo hayaandikiki. Bugobogobo, ngoma ya jembe, vilevile: wakulima hupanga mstari, majembe yakashuka pamoja na mdundo wa ngoma, mpaka shamba likaisha bila mtu kuhesabu matuta.

Kila Juni, baada ya mavuno, sikukuu ya Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na dawa zake na nyimbo mpya, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi.