Dhahabu, Kinaa na Imani: Tafakuri kutoka Mwadui hadi Geita

Katika Kitabu cha Ayubu iko sura moja, ya 28, ambayo mtu wa Nyarugusu au Rwamgasa, vijiji vya wachimbaji wa dhahabu huko Geita, aweza kuisoma akadhani kwamba mtunzi wake aliwahi kulala katika kambi ya wachimbaji. Kwa maana humo wametajwa watu wachimbao mashimo mbali na makao ya wanadamu, waning'iniao gizani, wapinduao milima tangu shinani, na ambao, wakiisha kutoa nuruni kila kilichofichika, huulizwa juu ya makao ya hekima wakakosa jawabu. Nimeifanya sura hiyo mlango wa makala haya kwa sababu haimdharau mchimbaji. Huistaajabia kazi yake kwanza, ndipo ikamwonyesha mpaka wake. Na mhubiri aanzaye kwa kuilaani dhahabu mbele ya mzazi ambaye watoto wake husoma kwa dhahabu hiyo hastahili kusikilizwa.

Hoja yangu ni kwamba mali huacha njaa moyoni kwa umbile la tamaa yenyewe, wala si kwa uchache wa mali. Tazama duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Mwenye duara huwalisha vijana wake miezi kadha wa kadha, huku wakishuka, tochi kichwani, baina ya matimba, yaani magogo yashikiliayo kuta za shimo, na mawe yakivutwa juu kwa kamba yapelekwe kwenye karasha ya kuyasaga, kisha mwaloni, mahali pa kuoshea, ambako zebaki hukamata chembe za dhahabu. Na mgao ukiisha kupita kwa mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, kinachosalia aghalabu hurudi ardhini, ama katika duara jipya, ama katika safari ya kuufuata mfumuko wa dhahabu uliosikika wilaya nyingine. Aliyekosa huchimba kwa kuwa amekosa, na aliyepata huchimba kwa kuwa amepata.

Wala wingi hauiponyi hali hiyo. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliugundua mwamba wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Mwaka 1947 ikatoka humo almasi ya rangi ya waridi, ya karati 54.5, iliyokuwa hidaya ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Na Januari 1958 mwenye mgodi akafariki, umri wake miaka 50, hana mke wala mtoto, na mwaka huohuo warithi wake wakauza mgodi. Siri ya moyo wake aijua Mola, nami simhukumu. Nasema tu kwamba mgodi ulidumu, na mtu hakudumu.

Tamaa isiyo na kiasi haina budi kutafuta msaada wa ghaibu, na hapa Kanda ya Ziwa tumeona mwisho wake: katika miaka iliyofuata 2006 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa ahadi za waganga kwamba viungo hivyo huleta bahati migodini na ziwani, hata watoto wakaletwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wapate kulindwa. Kila Mkristo huyalaani mauaji hayo, na ni wajibu wake. Walakini nauliza, kwa uchungu, kama mahubiri yaahidiyo dhahabu kwa kila atoaye sadaka nono hayakuota katika mzizi uleule. Kwani yule anayeomba ili jiwe liwe na dhahabu, wala hataki kwa Mungu lolote jingine, amemfanya Muumba kuwa sululu. Katika Injili ya Mathayo yule aliyeikuta hazina shambani aliuza vyote kwa furaha. Furaha ilitangulia hasara, na kwa hiyo hasara haikumuuma. Hicho ndicho kinaa cha Kikristo: moyo uliokwisha kupata, ambao kwa sababu hiyo waweza kushika mali pasipo kushikwa nayo.

Yuko atakayesema kwamba mafundisho haya huwalaza maskini usingizi, wengine wakabeba madini. Hoja hii ni nzito, na historia imeijibu kwa sehemu. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, walitoa kwa pamoja uchunguzi uliodhihirisha jinsi taifa lilivyonufaika kidogo na dhahabu yake. Nao waliohoji mikataba na kodi walikuwa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kufundisha kwamba hazina iko mbinguni. Asiye na kiu ya dhahabu ndiye awezaye kuuliza bila woga imekwenda wapi.

Walakini ushahidi ulio karibu zaidi nauona pale kifusi kinapoangukia vijana duarani. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hukusanyika jioni hiyo katika nyumba ya msiba, aliyepata juzi akiketi mkekani kando ya yule ambaye hajapata tangu masika, rambirambi zikihesabiwa, maharage yakiwa motoni uani. Nao huimba mpaka usiku wa manane, na kwa muda wote huo hakuna aulizaye marehemu alikuwa amefikia mwamba au bado.