Ndoa ya Mgeni: Walii, Kadhi na Cheti katika Historia ya Mazinde



Katika masuala wanayoletewa maimamu wa misikiti ya mikoani, hili halikosekani: amekuja mwanamume tusiyemjua, anataka kuoa kwetu. Au amekuja mwanamke ambaye hana baba wala kaka mahali hapa, naye amepata mchumba. Je, waozeshwe? Nani atakuwa walii? Na serikali inataka nini? Tutalitazama suala hili kupitia mji mmoja wa mkoa wa Tanga ambao kwa zaidi ya karne moja umekuwa mji wa wageni, nao ni Mazinde, chini ya milima ya Usambara, mbele kidogo ya Mombo kwa atokaye Korogwe.

Mazinde ilipata jina kubwa kwa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi aliyetawala kutoka Vuga. Baba yake alipofariki katika miaka ya 1860, Semboja hakutaka kukaa mlimani. Alimweka mwanawe katika kiti cha Vuga, yeye akabaki Mazinde, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani na Tanga kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Pembe za ndovu, bunduki, nguo, na kwa masikitiko watumwa pia, vilipita mlangoni kwake. Uislamu ulikuwa umekwisha ingia katika ukoo huo. Krapf, mmisionari aliyefika Vuga mwaka 1848, aliwakuta Waislamu wanaojua kusoma na kuandika katika baraza la Kimweri, na baadhi ya wana wa mfalme walikuwa wamesilimu. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi, naye alikuwa mgeni katika nchi hiyo. Alizaliwa Unguja, akaishi na watawala wa Usambara na kumtumikia Semboja, na baadaye akawa liwali wa Tanga.

Mji wa namna hiyo haukosi ndoa za wageni. Msafara unapokaa wiki kadhaa kungoja chakula au hongo, wapo watakaooa. Wapo watakaoondoka bila kurudi.

Baada ya Semboja wakaja Wajerumani. Katika miaka ya 1890 waliweka kituo chao Mazinde kabla ya kukihamishia Lushoto, mji waliouita Wilhelmstal. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, kilomita 129, kisha ikaendelea hadi Moshi. Mkonge, ambao Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, ukaifunika bonde. Chini ya Waingereza mashamba yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwepo, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda shirika lao la kuajiri, SILABU, lililokusanya vibarua kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na hata Msumbiji. Hao ndio manamba, waliopewa jina hilo kwa sababu ya namba walizoandikishwa nazo. Wengi waliletwa kwa mkataba na bila wake zao.

Hebu msomaji afikirie mmoja wa hao. Ana miaka miwili kambini. Ameshika swala, amejifunza juzuu ya Amma, anataka kuoa binti wa Kizigua kutoka upande wa Handeni ambaye naye amekuja kufanya kazi shambani. Mke aliyemwacha Kasulu hakumtaja. Binti naye aliwahi kuolewa, na mumewe wa kwanza alikwenda Tanga, hakuandika barua. Hakuna kati yao aliye na mzee wa ukoo hapo. Mwalimu wa madrasa ya kambini ndiye anayeombwa kuwafungisha nikahi. Mafaqihi wanasemaje?

Katika madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara yake, ndoa ina rukuni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Mgeni hapunguziwi hata moja. Anachopewa ni njia ya kumpata walii. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba walii wa karibu akiwa mbali kiasi cha marhala mbili, anayeozesha ni sultani, yaani mwenye mamlaka au kadhi wake. Akiwa ndani ya umbali huo, mwanamke haozeshwi ila kwa idhini ya walii. Asili yake ni hadithi mashuhuri inayomfanya mtawala kuwa walii wa asiye na walii.

Marhala mbili ni mwendo wa siku mbili, takriban kilomita 82 kwa hesabu ya wengi. Kwa hiyo binti aliyeko Mazinde ambaye baba yake yuko Korogwe mjini hawezi kuozeshwa na imamu kwa hoja kwamba baba yuko mbali, kwani Korogwe haifiki umbali huo. Baba aliyeko Tanga mjini amevuka marhala mbili. Aliyeko Kigoma hakuna haja ya kumpimia.

Sheria hii iliwekwa wakati habari ilikwenda kwa miguu ya ngamia. Leo baba aliyeko Kigoma anapatikana kwa simu kabla chai haijapoa. Mwenye kushika matini ya vitabu atasema umbali ni umbali, na hatutamkosoa. Lakini kumwacha mzazi anayeweza kuulizwa, naye hajakataa, ni kuchezea ruhusa. Aombwe idhini, au amuwakilishe mtu aliyepo. Uwakala wa walii unasihi kwa mtu aliye mbali, na ugomvi mwingi wa koo ungekwisha hapo.

Na asipokuwapo kadhi? Hapo ndipo palikuwa na tabu ya kambi za mkonge. Mafaqihi wa Kishafii wameruhusu mwanamke asiye na walii, mahali pasipo na kadhi, amkabidhi jambo lake mtu mwadilifu, nao humwita muhakkam. Mwandishi wa Fat'h al-Mu'in, kitabu kilichosomeshwa sana katika darsa zetu, akaongeza kwamba kadhi akiwa yupo lakini haozeshi ila kwa kudai pesa, mwanamke anaweza kumkabidhi mwadilifu jambo hilo. Alilalamikia desturi hiyo katika zama zake, karne ya 16 huko Malabar. Wanaodhani kwamba tozo za ndoa ni balaa ya leo wakisome.

Lakini kitabu hichohicho kina sharti ambalo watu hulisahau. Mwanamke mgeni akisema hana mume wala hayumo edani, na hajulikani kuwa aliwahi kuolewa na mtu fulani, neno lake hukubaliwa. Akiwa anajulikana mume aliyekuwa naye, kadhi hawezi kumuozesha mpaka talaka au kifo kithibitike. Walii wa nasaba hakuwekewa sharti hilo, naye akimsadiki binti yake anamuozesha. Tofauti hii ina hekima. Baba anaijua habari ya mwanawe, kadhi haijui. Basi yule binti wa Handeni wa mfano wetu, ambaye mume wake alipotelea Tanga, asingeweza kuozeshwa na mwalimu wa kambini kwa kuwa tu mume hakuandika barua.

Uhuru ulipokuja, mahakama zilizokuwa chini ya maliwali na makadhi Tanganyika ziliunganishwa katika mfumo mmoja wa mahakama kwa sheria ya mwaka 1963. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971, iliyoanza kutumika Mei 1 mwaka huohuo, ikaweka ndoa zote za Tanzania Bara chini ya paa moja: ya kiserikali, ya Kiislamu, ya dini nyingine na ya kimila. Sheria hiyo inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla, wakitaja majina, umri, makazi, baba zao na hali yao ya ndoa. Taarifa hutangazwa, na mwenye pingamizi huja kulisema. Mtu asiyeweza kungoja, kama msafiri au mgeni kutoka nje, anaweza kumuomba Msajili Mkuu leseni maalumu, iwapo sababu inatosha na hapana kizuizi. Siku hizi kazi hiyo iko chini ya RITA, na raia wa kigeni hutakiwa kuleta hati za kwao zinazoonyesha hali yake ya ndoa.

Baadhi ya mashekhe waliziona siku 21 kuwa ni mzigo uliowekwa juu ya jambo ambalo Uislamu umelifanya jepesi. Kwa maoni yetu, kwa mwenyeji anayejulikana na mtaa mzima malalamiko hayo yana uzito. Kwa mgeni, siku hizo zinafanya kazi ileile aliyoitaka mwandishi wa Fat'h al-Mu'in, kwamba mtu asiyejulikana ajulikane kwanza. Mke wa Kasulu katika mfano wetu angeweza kupata habari. Na binti angejua anaingia ukewenza, akubali au akatae kwa macho yake.

Sheria hiyohiyo inasema ndoa haibatiliki kwa kukosa taarifa wala kwa kutosajiliwa, ikiwa masharti yake mengine yametimia. Hilo linawapa faraja wajane wengi wa mashambani. Lakini faraja ya kitabuni si cheti mkononi. Mjane wa manamba aliyekwenda kudai kiinua mgongo cha marehemu aliulizwa karatasi, na mashahidi wake walikuwa vibarua waliokwisha rudi makwao. Mwenye kujua kwamba Qur'ani imeamrisha deni liandikwe (2:282) hapati tabu kuelewa kwa nini ndoa ya wageni iandikwe.

Limebaki suala la ndoa ya bomani. Vijana walio mbali na kwao huiendea kwa sababu ni ya haraka na haimuulizi walii, maana mwanamke aliyetimiza miaka 18 hahitaji idhini ya mzazi katika sheria ya nchi. Kwa Shafii hiyo si nikahi kamwe iwapo hakuna walii wala mashahidi Waislamu waadilifu. Wahanafi wamemruhusu mwanamke baleghe mwenye akili kujiozesha kwa anayelingana naye, lakini hata wao hawaachi mashahidi. Tena kuna jambo ambalo waendao bomani hawaelezwi. Ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi mpaka ithibitike vinginevyo, na ya bomani huchukuliwa kuwa ni ya mke mmoja. Kuibadilisha kunahitaji tamko la hiari la mume na mke wote wawili mbele ya hakimu. Aliyefunga bomani kisha akaongeza mke msikitini, huyo wa pili hana ndoa mbele ya sheria, na watakaoumia ni yeye na watoto.

Kwa hiyo imamu aliyeletewa mgeni aanze kwa kumtuma kwa msajili kutoa taarifa, na zile siku 21 azitumie kupiga simu: kwa walii wa mwanamke, kwa imamu wa alikotoka mwanamume, na kwa mume wa zamani kama yupo. Cheti cha talaka akione kwa macho yake. Nikahi aifunge msikitini kwa rukuni zake zote tano, akiwa na leseni ya kufungisha, na kitabu cha ndoa kijazwe hapohapo kabla watu hawajatawanyika na kabla halua haijaliwa.

Wallahu aalam.